Shemeji yangu aliimba kwenye kampeni, wimbo wake ukarudi na gari la matangazo

Wakuu, salamu kwenu. Watu wa Iringa kamwene, watu wa Mbeya ndaga, wengine mjigawie humo humo.

Nimesoma ule uzi wa kubishana kama wasanii waimbe kwenye kampeni au wakae pembeni. Nusu yenu mnasema msanii ni mfanyabiashara kama muuza nyanya, nusu mnasema ni msaliti. Katikati ya ugomvi mtu akaweka video ya goli la timu ya taifa, wote mkasahau mlichokuwa mnagombania mkaanza kutumiana emoji za vikombe na bendera.

Nilicheka. Halafu nikakosa raha siku nzima, kwa sababu hayo matatu, muziki, siasa na mpira, yameingia ndani ya nyumba yangu na mpaka leo hayajatoka.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, mgombea simtaji, chama sikitaji, kwa hiyo msihangaike kuja inbox. Chumvi sijatia, yenyewe inatosha ilivyo.

Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, nakaa Iringa mjini, kazi yangu ni kukodisha mziki. Spika, mixer, jenereta na screen kubwa. Harusi naenda, msiba naenda, mkutano wa injili naenda, kampeni ndiyo usiseme. Ukifanya kazi hii unaijua nchi kwa masikio. Spika ile ile iliyolia "bwana harusi oyee" Jumamosi, Jumatatu inamuaga marehemu.

Mke wangu Kabula ni Msukuma wa bonde la Usangu. Wazee wao walihama na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wakakaa ndani ndani huko mbele ya Chimala, na yeye amezaliwa huko huko. Mdogo wake wa kiume anaitwa Masanja. Huyo ndiye shemeji yangu, na uzi huu ni wa kwake.

Masanja ni manju.

Kwa msiojua, manju ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Kisukuma. Usimfikirie kama hawa wa studio wanaoimba huku wameshika koo. Manju anasimama uwanjani na ngoma zake, na pembeni kidogo anasimama manju mwingine na ngoma zake, wanaanza kuimba kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wenyewe wanatembea. Anayekuchosha unamwacha unakwenda kwa mwenzake, na mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hufanyika baada ya mavuno ya mpunga, watu wakiwa wameshiba na wana nafasi.

Wanasema manju mkubwa ana dawa ya kuvuta watu. Mimi dawa ya Masanja sikuwahi kuiona, niliona sauti tu. Jamaa akifungua mdomo hata mimi nisiyejua Kisukuma zaidi ya salamu ya "mwangaluka" nilikuwa naacha nyaya zangu nisikilize. Mpinzani wake mkubwa, Maduhu, alikuwa akishindwa kila mwaka na anampa mkono.

Sasa ikaja kampeni.

Watu wa mgombea walinifuata kwa ajili ya mziki, na wakataka "yule Msukuma anayejaza uwanja". Masanja alifurahi, na nani asingefurahi? Miaka yote anaimba kwa wafugaji, leo anaitwa jukwaani Chimala, live, na spika za shemeji yake.

Shida kubwa ya kule wakati ule, na mpaka leo, ilikuwa ng'ombe. Kulikuwa na maneno kwamba wafugaji walioko ng'ambo ya mpaka wa hifadhi wataondolewa ili maji yapone. Sisemi hoja ya maji ni ya uongo. Wakulima wa mpunga wanalia, na mto ukikauka hata sisi wa Iringa umeme tunausoma kwenye magazeti. Ila kwa ukoo wa mke wangu ng'ombe ndiyo kila kitu. Mahari ni ng'ombe, ada ya shule ni ng'ombe, na mtu akiugua wanauza ng'ombe ndipo wanakwenda hospitali.

Mgombea akapanda jukwaani. Mimi ndiye niliyeshika mixer, kila neno lilipita kwangu. Alisema, "Suala la wafugaji tunalitambua, na mkitupa ridhaa tutakaa pamoja tuliangalie."

Basi. Hilo tu. Angalieni maneno hayo vizuri wakuu, hakuna mahali unapoweza kumshika.

Baada yake akapanda Masanja. Watu walikuwa wamepoa kidogo, na manju havumilii watu waliopoa. Akaimba wimbo aliotunga kwa ajili ya siku ile. Kabula amenitafsiria mara nyingi, nitaweka kiitikio tu:

Kaa na ng'ombe wako, baba.
Kaa na ng'ombe wako, mama.
Hahami mtu hapa.
Masanja ndiye nimesema.

Uwanja ulipasuka. Wazee walirusha fimbo juu. Mgombea mwenyewe akacheza, na nina uhakika hakuelewa hata neno moja. Niliurekodi, nikausafisha kwenye laptop, na ndani ya wiki mbili kila simu ya mfugaji kuanzia kule mpaka Mbeya ilikuwa inaulia.

Jioni ile tulikwenda kula kwa mama mkwe. Tukategemea pongezi. Mama alimpa mwanawe ugali, akakaa kwenye kigoda chake, akamwambia kwa Kiswahili makusudi ili na mimi nisikie.

"Umesema wewe. Yule mtu hajasema. Ng'ombe zikiguswa, watu hawataenda kwake, watakuja hapa kwangu."

Masanja akacheka. "Mama, ule si wimbo tu?"

"Wimbo wa manju ni wimbo tu tangu lini?" mama akamjibu, akaanza kukusanya vyombo.

Mgombea akashinda. Tukasonga mbele.

Ikaja ile mechi. Mnaijua, sina haja ya kuisimulia, wengine humu mlipoteza sauti. Mimi nilifunga screen yangu kwenye ukumbi mmoja pale Chimala. Walijaa Wasangu, Wanyakyusa, Wabena, Wasukuma na madereva wa malori walioegesha barabarani. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimkumbatia mtu ambaye asubuhi yake tuligombana kuhusu kiti. Nililia, mwanaume mzima, mbele ya wateja. Nilijisikia fahari ya nchi hii mpaka kifua kikauma.

Watu wakamwona Masanja, wakambeba juu. Wakapiga kelele niweke wimbo wake. Nikauweka. Hata Wasangu waliotukanana na wafugaji miaka yote waliitikia "hahami mtu hapa" bila kujua wanaitikia nini. Bendera zinapepea, Masanja yuko mabegani mwa watu anaimba.

Ikiwa mtaniuliza lini shemeji yangu alikuwa na furaha mara ya mwisho, ni siku hiyo.

Hazikupita siku nyingi, ikafika siku ya mnada. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, tukapita na Masanja kula nyama. Tukasikia gari la matangazo linakuja. Mnajua magari haya yanavyofanya, linaanza na wimbo unaopendwa, watu wakisogea linapunguza sauti, ndipo linasoma tangazo. Nimeifanya kazi hiyo, naijua.

Wimbo uliokuwa unapigwa ulikuwa wa Masanja.

Akina mama wakapiga vigelegele. Vijana wakaanza kucheza vumbi likapanda. Masanja akainua kipande cha nyama juu kuwapungia, watu wakamshangilia. Hahami mtu hapa, Masanja ndiye nimesema. Gari likasimama katikati ya mnada, sauti ikapungua.

Likasoma tangazo la kuondoa mifugo yote ng'ambo ya mpaka.

Wapo waliocheka kwanza. Walidhani ni mbwembwe, kwamba wimbo utarudi na utani utaisha. Tangazo likarudiwa. Halafu wimbo ukarudi kweli, kwa sauti kubwa, ili gari lisogee likavute watu wengine mbele. Safari hii hakuna aliyecheza. Walikuwa wanamwangalia Masanja.

Alikwenda kwa dereva mbio. Nikamfuata nikidhani atampiga.

"Zima huo wimbo."

Dereva alishangaa. Alikuwa kijana mpole, wala hakuwa na ubaya. "Ndaga kaka. Kwani vipi? Nimeambiwa wafugaji wanaupenda sana huu, ndiyo maana nauweka ili wasogee."

"Unajua unasemaje?"

"Aa, mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, nitajuaje? Naona unachangamsha tu."

Unamlaumu vipi mtu huyo? Ofisi iliandika tangazo, dereva akachagua wimbo, na kila mtu alifanya kazi yake vizuri.

Wakuu, yaliyofuata sitayasimulia sana. Ng'ombe waliswagwa. Waliouzwa waliuzwa kwa bei ya kutupa maana kila mnunuzi alijua muuzaji hana pa kwenda. Kaka mkubwa wa Kabula alichukua waliobaki akaelekea nao kusini, na njiani wengine walikufa. Mgombea, ambaye sasa ni mheshimiwa, alipoulizwa alisema yeye aliahidi kuliangalia suala, na ameliangalia.

Na watu walikwenda kwa mama mkwe, kama alivyosema. Hawakumtukana. Walikuwa wanakuja, wanakaa, wanauliza, "Masanja yupo? Tulitaka atuambie tukae wapi." Halafu wanaondoka. Wengine ni wazee wenye heshima zao, waliogoma kuuza mapema wakati bei bado nzuri, kwa sababu ya ule wimbo. Kwao manju akisema "mimi ndiye nimesema", amejiweka dhamana. Mwanasiasa anajulikana ni mwanasiasa, manju hatarajiwi kuwa hivyo.

Mavuno yakaisha, ikaja siku ya ngoma. Waliobaki walikuwa wachache ila walikuja. Tulimshauri asiende. Akasema manju asiyetokea amekufa.

Nilikuwepo, bila spika, maana ngoma hizo hazitaki umeme wangu. Masanja upande huu, Maduhu upande ule. Mama alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa upande wa mwanawe kama miaka yote.

Masanja alitunga wimbo wa timu ya taifa. Alichagua kwa akili, nani atachukia timu ya taifa? Aliimba goli, aliimba kipa, aliimba bendera. Sauti ilikuwa ile ile. Watu walisimama wanamsikiliza, hawachezi ila hawaondoki. Nikaanza kupata matumaini.

Maduhu hakuimba matusi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinyamazisha ngoma zake, akaanza polepole, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

Kaa na ng'ombe wako, baba.

Watu wakageuka.

Kaa na ng'ombe wako, mama.

Wakaanza kutembea. Hakuna aliyezomea. Walikuwa wanavuka uwanja huku wanaitikia, na wengine machozi yanawatoka. Wapiga ngoma wa Masanja mmoja baada ya mwingine wakaweka fimbo chini. Yeye aliendelea kuimba kipa, kuimba bendera, peke yake.

Upande wake alibaki mama tu, na mimi na Kabula tumesimama nyuma.

Mama akainuka. Akainama akachukua kigoda chake, akakipangusa vumbi, akavuka uwanja taratibu, akaketi upande wa Maduhu. Hakugeuka kumtazama mwanawe.

Hapo ndipo Masanja aliponyamaza.

Sasa yuko kwangu Iringa. Ananisaidia kubeba spika na kukunja nyaya. Ni mchapakazi, halalamiki, ila haimbi hata bafuni. Juzi timu iliposhinda tena mtaa mzima ulitoka nje unapiga masufuria. Nilimkuta ndani ya stoo anapanga mixer. Nikamwambia shemeji toka uone, nchi imeshinda. Akaniambia, "Nimesikia, shemeji," akaendelea.

Mama alihamia kusini kwa kaka yao. Anapiga simu kwa Kabula kila Jumapili. Anauliza watoto, ananiulizia mimi, anauliza mvua. Mwishoni kabisa anauliza, "Yule anakula?" Kabula anamwambia, subiri nikupe uongee naye. Simu inakatika.

Somo langu sasa, na mtanisamehe kama ni chungu. Wasanii mlioko humu, imbeni kampeni mkitaka, tumbo halina chama. Ila neno ambalo mwenye kuomba kura hajalisema kwa mdomo wake, msilisemee. Yeye atapata ofisi, nyie mtabaki na neno. Na sisi mashabiki tuache kuitikia kila kinachochangamsha. Ule ukumbi wa mechi uliitikia wote, na mimi ndiye niliyebonyeza play.

Comment ziko wazi, mtukane mheshimiwa, mtukane shemeji, mnitukane na mimi. Nina swali moja tu ninalotaka mnijibu, hasa kina mama wa humu, kwa sababu Kabula ananiuliza na sina jibu.

Ungekuwa wewe ni mama yule, na uwanja mzima umevuka, ungebaki umekaa?