Mbuzi Niliyempeleka Upande wa Baba

Shughuli nzima ilinigharimu belo moja la nguo za watoto, mbuzi jike mwenye mimba, nauli za malori ya kabichi kupanda na kushuka Mgeta, na mtoto mmoja wa kike. Nimehesabu mara mbili. Vile vingine nimeshavisamehe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu Morogoro alipogeuka mfanyabiashara, hata yule ambaye bidhaa yake ilikuwa redio ya nyumbani kwake. Mimi niliuza mitumba ya watoto sokoni. Masista wa kituo cha yatima walikuwa wateja wangu, na mmoja wao, mtu mzima, ndiye pekee aliyewahi kunishusha bei mpaka nikamshukuru. Siku moja, akikunja suruali ndogo alizoninyang'anya, akasema, "Mdomo huu unaumalizia kwenye nguo bure. Njoo umsemee mtoto."

Mpango wao ulikuwa kwamba kila mtoto apate mtu mmoja wa nje, asiyelipwa, wa kumtembelea na kumsemea kwenye kikao cha ustawi wa jamii. Nikauliza malipo. "Sala," akasema. Nikauliza kama haziongezeki. Akasema hiyo ndiyo bei ya mwisho.

Wangu alikuwa binti mwenye paji pana na tabia ya kukagua mishono. Mama yake alifia hospitali ya mjini, baba yake, utingo wa lori, alikuwa ametangulia. Tulimpatia walezi kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kimoja, mke na mume wasio na mtoto, na kwa misimu miwili ya mvua sikuwa na la kusema kwenye vikao. Nilikwenda kula ubwabwa wao na kurudi. Mtoto alimwita yule mama "mama", na mimi akaniita "mama wa nguo".

Kisha kiwanda kikauzwa, mume akapunguzwa kazini. Wakafunga mizigo kurudi kwao Singida. Mke alimleta mtoto kituoni mwenyewe, akanishika mkono pale getini.

"Dada, ningembeba. Lakini huko na sisi tunakwenda kupokelewa. Nitampokelesha kwa nani?"

Mtoto alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake kama abiria aliyekwisha kulipa.

Ofisa ustawi hakuwa mtu mbaya. Alinieleza taratibu: kituo kile ni cha wadogo, na huyu anaingia umri wa shule. Asipopatikana ndugu wa kumchukua kabla ya shule kufunguliwa, atahamishiwa kituo kikubwa, mbele ya Dodoma. "Mama, tafuta ndugu. Ndugu yeyote."

Basi nikawauliza akina mama wa mlimani, wale wanaoshuka Jumamosi na karoti kichwani. Nilitaja jina la baba na kazi yake. Mmoja akamfahamu: kijiji cha juu ya Mgeta, kaka yake mkubwa yupo hai, ana shamba la kabichi. Nilifurahi mpaka nikampa gauni bila kumtajia bei, jambo lililomtia wasiwasi.

Kwetu ni Upareni. Kwetu mtoto ni wa baba, na ukienda kuomba jambo zito huendi mikono mitupu. Nikauza belo zima la nguo za watoto kwa hasara, nikanunua mbuzi jike mwenye mimba, nikabishana na muuzaji mpaka akaapa kwamba hataniuzia tena hata kwato, nikapanda naye kwenye lori tupu linalofuata kabichi. Tulipofika, nikamvuta kwa kamba katikati ya kijiji kizima, nikiamkia kila mlango, mpaka nyumbani kwa baba mkubwa wa mtoto.

Alinikaribisha vizuri mno. Mimi, niliyezeeka sokoni, nilipaswa kushtuka. Mtu anayekubali bei bila kuguna ama ana noti bandia ama hanunui.

"Mtoto wa marehemu ni damu yangu," akasema. "Mbuzi tumempokea. Tutakaa, tutajibu."

Wakati nateremka kulifuata lori la kurudi, nikamkuta mwanamume amesimama njiani na jembe begani. Akanisalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, umekwenda kuuza nini kule juu?"

"Sijauza kitu, kaka. Nimemwombea mtoto makao."

"Mtoto yupi?"

Nikamweleza. Akaliteremsha jembe taratibu.

"Huyo ni mtoto wa dada yangu. Sisi Waluguru, mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake. Mimi mjomba ndiye wa kuulizwa, na bibi yake aliyemzaa mama yake yule pale, anakuona. Wewe umepita mlangoni kwetu na mbuzi, ukampeleka kwa watu wa kiumeni, kijiji kizima kinatazama. Sasa watu watasemaje? Kwamba tumemuuza?"

"Sikujua, kaka."

"Umeuliza njia, umeuliza lori, umeuliza bei ya mbuzi. Hilo tu hukuuliza." Akabeba jembe lake. "Waliopokea mbuzi ndio wamlee."

Nilirudi kwa baba mkubwa siku hiyo hiyo. Akanipa kigoda na maji, akasema bila aibu hata kidogo, "Mbuzi tumempokea kwa heshima yako, mama. Lakini mtoto ni wa wajomba zake. Sisi tulizaa tu."

Nikamwomba mbuzi wangu basi. Alikuwa ameshachanganywa na wenzake. Mbuzi alipata ukoo siku ile ile.

Nilipanda tena Mgeta, nikapanda tena. Mjomba hakutoka nje. Bibi alikuwa akinitazama kutoka jikoni kwake, akitaka kusema, lakini neno la mjomba lilikuwa halijatoka, na yeye asingeweza kulipita.

Kwenye kikao nilisema kila nilichojua kusema. Ofisa akauliza, "Ndugu wapo?"

"Wapo."

"Wanamchukua?"

"Wanabishana."

"Mama, kubishana si kuchukua."

Gari la kituo lilipoondoka kwenda Dodoma niliomba lifti mpaka Dumila. Pale dereva alisimama kununua nyanya. Nilimnunulia mtoto hindi la kuchoma, akalila punje moja moja ili lisiishe. Alikuwa amesikia maneno ya wakubwa, wote wanasikia.

"Mama wa nguo, wewe lukolo yako ipi?"

"Mimi si wa huku, mwanangu. Kwetu hazipo."

Akafikiri. "Kwa hiyo huna ya kunitia."

Dereva akapiga honi. Nilivuka barabara, nikarudi mjini na lori la vitunguu.

Mvua zilizofuata, bibi alishuka mwenyewe na karoti. Lukolo ilikuwa imekaa, mjomba amelainika, kitanda kimefumwa kamba mpya. "Mlete," akasema. Nikaandika barua Dodoma. Nikaenda. Kumbe mtoto alipewa familia nyingine, baba wa familia hiyo alikuwa mtu wa uhamisho, wamehama, na aliyejua wameelekea wapi naye alikuwa ameacha kazi. Nimefika huko mara tatu. Wananijua mpaka mpishi.

Nilimwambia bibi ukweli wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe si fundi wa kupatana? Kapatane nao tena."

Tangu hapo, kila Jumamosi anapita mezani kwangu. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Hajaja?" Anaweka fungu la karoti pembeni, zile nzuri zenye majani, za mjukuu, na hapokei hata senti. Siwezi kuziuza. Zikinyauka nazipeleka kwa masista. Magoti yake sasa yamekwisha, na njia ile ya mlimani naijua.

Wewe unayesoma, uliyewahi kulea mtoto wa watu au kumtafuta aliyepotea mikononi mwa wakubwa, nishauri, maana bei zote nazijua ila hii. Nimwambie asishuke tena na karoti, au nimwache aendelee kuja?