Madobi Waliokaa Bwaloni

Siku hizi mashuka ya hospitali ile yanafuliwa na mashine, na chumba cha dobi kimegeuzwa stoo ya vitanda vibovu. Lakini Taratibu akikaa kukunja nguo za wajukuu, bado anakiona kilivyokuwa: mvuke umetanda hadi darini, vidole vimekunjamana kwa sabuni, wanawake wawili wawili wanakamua shuka huku wakiimba. Jina la Taratibu alilipata humo humo, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Aliyempa ni Baruti, mpiga pasi, kijana mwenye hasira za karibu.

Kazi waliipenda. Kilichowakera ni saa ya kula. Watumishi wote walikula bwaloni, mezani, isipokuwa madobi. Wao walipewa sahani kwenye kidirisha cha nyuma ya jiko, wakala wamesimama kando ya mapipa ya taka. Ati kwa kuwa wanashika nguo za wagonjwa, wananuka maradhi. Wauguzi waliowashika wagonjwa wenyewe hawakunuka chochote.

Siku mvua ilipowanyeshea hadi ndani ya sahani, Baruti alibamiza yake chini.

"Leo namvunja mtu taya! Huyo msimamizi wa bwalo atanitambua!"

"Ukishamvunja, kesho tutakula wapi?" Taratibu alimuuliza.

"Hapa hapa kwenye mapipa! Kwani kuna pengine?"

"Basi utakuwa umemvunja bure."

Wenzao waliangua kicheko. Baruti akanuna. "Kwa hiyo dada unataka tukae kimya?"

"Nataka tukae. Ila tukae bwaloni. Tukipigana, watasema walijua tangu mwanzo sisi ni watu wa vurugu. Tukinyamaza, watasema tumeridhika."

Kesho yake walioga, wakavaa sare zilizonyooka kwa pasi ya Baruti, wakaingia kwa mlango wa mbele. Msimamizi, bwana mmoja mnene mwenye funguo kiunoni, aliwajia juu.

"Nyie mmepotea?"

"Hatujapotea, kaka," Taratibu alijibu. "Tumekuja kula."

"Hapa hamli."

"Haya. Tutasubiri."

Walisubiri mpaka kengele ikalia. Wakarudisha mabenchi mahali pake, wakaaga, wakarudi kazini na njaa zao. Mashuka yalitoka meupe kama kawaida. Taratibu alikuwa mkali kwa hilo: mgonjwa hakuwakosea kitu.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Watu walihama meza wakiwaona, wengine wakawacheka waziwazi. Baadhi ya madobi walikata tamaa wakarudi kidirishani. Taratibu hakuwasema vibaya, na wao wakawa wanawafichia wenzao vipande vya mkate ndani ya aproni.

Siku moja msimamizi alishindwa kujizuia. Alitoka jikoni na beseni la maji machafu ya vyombo, akammwagia Taratibu kichwani. Baruti aliruka, benchi likapinduka, ngumi ikawa juu.

"Kaa, Baruti."

"Lakini huyu amekumwagia maji!"

"Mimi ni dobi, bwana. Maji na mimi ni ndugu."

Akakivua kitambaa chake cha kichwa, akakikamua polepole, akakifunga tena. Baruti alishusha mkono huku machozi yakimtoka.

Ndipo muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama aliyeogopwa na wote, aliponyanyuka na sahani yake. Alilifuta benchi kwa aproni yake mwenyewe, akaketi ubavuni mwa Taratibu, akaisogeza sahani katikati.

"Hayo mashuka nayashika mimi kabla yao," alisema, kila mtu akamsikia. "Kama wananuka, na mimi nanuka. Kuleni, wanangu."

Wachache walimfuata siku ile, wengine baadaye. Msimamizi naye alianza kuwabamizia sahani mezani. Hakuna tangazo lililobandikwa. Kidirisha kilifungwa tu, kikaota kutu.

Miaka mingi ikapita. Msimamizi alipostaafu alisimama mlangoni kwa madobi, akizungushazungusha kofia mikononi. "Siku ile ungenitukana, ningelala usingizi wangu," alisema. Taratibu alimkaribisha kiti.

Wajukuu hudhani bibi yao hakuogopa. Yeye huwaambia ukweli: siku ile ya beseni, alipofika nyumbani alilia mpaka sauti ikamkauka. Baruti alimwoa mwaka uliofuata. Aliendelea kugombana na redio na kufoka kwa sababu ya viatu vilivyopotea, lakini mkono hakumwinulia mtu tena mpaka alipozikwa.

Juzi Taratibu alikwenda kliniki, akapita mbele ya bwalo. Binti mmoja mfagiaji alikuwa mezani na daktari, wanabishana kuhusu mpira, binti akanyoosha mkono kuomba chumvi, daktari akampa, bila hata mmoja wao kukatisha maneno. Taratibu alitamani Baruti angekuwapo aione chumvi ile ikipokewa.