Ali Hasani Wawili

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, mbegu za mahindi zilipofika kijijini kwetu Kabuku, nikatamani ardhi inimeze. Enzi za Ujamaa hizo. Watu walikuwa wamehamia pamoja kutoka huku na huko, hata majina tulikuwa hatujazoeana.

Wewe unayesomea takwimu unaiandikia kompyuta amri moja tu, safu tatu zinakuwa moja. Sisi tuliunganisha kwa penseli. Mzee Mhina, katibu wa kijiji, alitupa mimi na mwenzangu Mwanaidi kila mmoja nakala yake ya orodha ya kaya: safu ya jina, ya baba, na ya mahali mtu alikotoka. Alitaka zote ziwe safu moja, na atakayefanya vizuri angepelekwa Korogwe kusomea ukarani.

Mwanaidi huyo! Mwandiko wake ulinikera, sifa zake zilinikera, hata kicheko chake. Hasidi hana sababu. Nilimchungulia, nikamwona anaandika taratibu, "Ali - Hasani - Kang'ata", nikasema moyoni, huyu leo namwacha mbali. Safu ya tatu nikaiacha. Si tumeambiwa sote ni kijiji kimoja? Nikamwona Ali Hasani katokea mara mbili, nikamkata mmoja. Kisha nikafuta safu za zamani ili kazi yangu ing'ae. Nikamaliza wa kwanza, na orodha yangu ndiyo iliyotumika kugawa mbegu. Lakini kutangulia si kufika.

Jina la Ali Hasani lilipoitwa wakasimama wazee wawili. Wa Kang'ata akachukua mbegu. Wa Mnyuzi akanigeukia.

"Binti yangu, mimi umenizika lini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, maana mvua zilishaanza na mbegu zote zilikuwa zimeshahesabiwa kwa waliomo kwenye orodha yangu. Ikabidi itafutwe orodha ya Mwanaidi, ndipo akaonekana, na watu wakapunguziana mbegu ili naye apate.

"Kuunganisha si kufuta," Mzee Mhina aliniambia mbele ya wote.

Mwanaidi akaenda Korogwe. Alipopanda basi nililia kwa wivu, na nikimkumbuka hata leo roho inaniuma, sikufichi.

Basi, mwanangu, ukiunganisha safu weka kistari kati ya neno na neno, na zile za zamani uzitunze. Majina yakifanana, uliza kabla ya kukata. Macho yako yawe kwenye kazi yako, yasihamie karatasi ya mwenzio. Mungu akupe mkono mtulivu, akuepushe na roho hii ya bibi yako, na asilale njaa mtu kwa sababu wewe ulitaka kumaliza wa kwanza.