Blanketi Juu ya Fomu

Mwaka wa tisini na tisa intaneti ilifika Kisii mjini, ikapewa chumba nyuma ya duka la blanketi. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi, mzaliwa wa hapo hapo, na Ekegusii chake, lugha yetu ya huko, kilikuwa kizuri kuliko changu. Kompyuta yake moja, aliyoiita proksi, ndiyo iliyoshika laini ya simu. Zile za wateja zilipitia kwake, kama ng'ombe wanavyopita dipu ya kuua kupe.

Kupe wenyewe walitajwa na wachungaji wa makanisa ya mji. Anwani yoyote yenye neno la pombe, kamari au dansi, funga. Mzee akaongeza za wauza blanketi wengine. Halafu akafuta matangazo ya Wamarekani, akaweka yake. Ukifungua habari za mpira, blanketi. Hali ya hewa ya Japani, blanketi. Proksi haikujua tangazo ni nini, ilipima tu picha. Ikiona ndefu nyembamba, weka blanketi. Maendeleo hayo.

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, yaani kidato cha nne, na kuna chuo cha ng'ambo kilichokuwa kinatoa nafasi za kusoma bure. Siku niliyokwenda kwa mzee, mwisho wa kuomba ulikuwa jioni hiyo hiyo. Mama alitoka nami kwetu Nyaramba, akauza ndizi zake sokoni Daraja Mbili mbio mbio, akaja kuketi kando yangu na kikapu, kuhakikisha chuo hakinidanganyi.

Ukurasa ukafunguka polepole kama mgonjwa anayeamshwa. Uliandikwa: bonyeza hapa chini upate fomu. Hapa chini kulikuwa na blanketi. Nyekundu, yenye mistari.

"Mzee, umeniwekea blanketi juu ya maisha yangu!"

"Hiyo ni blanketi nzuri," akajibu kutoka kaunta. "Haitoi rangi."

"Zima hiyo proksi!"

"Nikizima uchafu utaingia. Wachungaji wataniuliza."

"Kwani chuo ni uchafu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema wataniuliza."

Nikafunga ukurasa, nikafungua upya. Blanketi. Nje maduka yalishaanza kufunga. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Yaya," Mama akakataa kwa Ekegusii, akanishika mkono. "Kwanza blanketi hii ni pesa ngapi?"

"Mama, saa hii si ya kununua!"

"Sijakuuliza wewe. Bonyeza iseme yenyewe."

Nikabonyeza kwa hasira, nimwonyeshe kwamba picha haisemi. Fomu ikafunguka.

Kumbe kitufe cha fomu kilikuwa picha ndefu nyembamba, na proksi ilikuwa imebadilisha picha tu. Njia iliyokuwa chini yake hakuna aliyeigusa. Sekondari yote niliyosoma, na sikufikiria kujaribu. Nikajaza jina, alama, na sababu za kupenda kompyuta, ambazo siku hiyo zilikuwa chache. Nikatuma. Jibu likarudi: tumepokea.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu, kifua mbele. Kuanzia kesho yake, kila mteja aliambiwa kwamba ukibonyeza blanketi yake unaingia chuo. Na watu wakabonyeza.