Redio ya Kanisa Iliyonong'ona Chumbani Kwangu

Kosa ni langu lote, wala sitamsingizia shetani. Siku hiyo shetani alikuwa na shughuli zake kwingine. Mzigo huu nilijitwika mwenyewe.

Mimi ni mpishi katika nyumba moja ya Wazungu hapo Woodley. Mwaka jana memsahib alinunua redio mpya mjini, akanionyesha ile kuukuu, ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo. Akasema bado inasema vizuri, niipeleke kanisani kwetu Riruta kwa mwalimu, maana pale misheni kuna stima, umeme wa kuiwasha, na watu wote watasikiliza. Nikasema ndiyo, memsahib. Nikaifunga kwenye baiskeli yangu, nikashika njia.

Nia ilikuwa njema mpaka nikafika Kawangware, ninakokaa. Majirani wakanizunguka wakiuliza kama nimenunua redio. Wewe ungesemaje? Mimi nilisema ndiyo! Nikaiingiza chumbani, nikaiweka mezani, nikaifunika kitambaa cha kufuma.

Na chumba changu hakina stima. Natumia taa ya koroboi! Ule waya wake mrefu na plagi nikausukuma chini ya kitanda, nikajiona bwana mkubwa.

Jioni majirani wakaja na vigoda vyao. Nikawaambia redio hii ni ya betri, tena ni mzee, sauti imemwisha, siku hizi inanong'ona tu, kwa hiyo lazima mmoja atege sikio awaambie wengine. Nikaweka sikio kwenye kitambaa, nikatikisa kichwa kidogo, nikawapa habari. Na habari zilikuwa za kweli! Redio mpya ya memsahib husikika mpaka jikoni, nami nikimenya viazi nasikia kila kitu: mvua, bei ya mahindi, mpira. Kesho yake wakienda kazini mjini wanakuta habari ni zile zile. Sifa zangu zikapaa. Memsahib naye aliponiuliza watu wa kanisa wameionaje, nilimwambia wameipenda mno.

Ningeishia hapo labda ningepona. Lakini mlango wa pili aliishi Mama Zakayo, mjane. Mwanawe alikwenda kukata miwa upande wa Kisumu, na tangu aende hakuna neno. Kila jioni, ikifika saa ya watu kusalimia jamaa zao redioni, mama huyu aliniuliza kwa sauti ndogo kama Zakayo ametajwa. Kila jioni nikasema bado. Alivyokuwa akiinama baada ya hapo, nilimwonea huruma sana.

Siku moja nikashindwa. Nikasema, "Leo ametajwa, mama. Anakusalimu sana, yu mzima."

Alilia, akapiga vigelegele, akaniletea kuku. Kuku mzima, ndugu yangu! Basi nikanogewa. Siku chache baadaye Zakayo akawa nyapara. Halafu akawa karani. Halafu, sijui ulimi wangu ulikuwa na wazimu gani, akanunua baiskeli yenye kengele. Mama akatangaza kisimani, sokoni, mpaka kanisani.

Sasa sikia. Jumamosi moja Zakayo akaja. Alitoka stesheni kwa miguu, viatu vimeachama mbele, mkononi kisanduku cha bati. Hakuwa hata na spoku ya baiskeli.

Mama hakumkumbatia. Alisimama mlangoni akamuuliza baiskeli iko wapi. Zakayo akauliza baiskeli gani. Mama akamuuliza na ukarani je, au vyote vimekwisha pombeni? Kijana akaapa hajawahi kuwa karani, hata jina lake huandika kwa shida.

"Redio haina sababu ya kukusingizia," mama akasema. "Rudi ulikouza hiyo baiskeli, uikomboe, ndipo uje uniite mama."

Akafunga mlango.

Zakayo alikaa juu ya kisanduku chake akalia, mwanamume mzima, na majirani wanamtazama kama mwizi. Nilitaka kunyamaza, sitaficha. Nilijua nikisema neno, heshima yangu yote imekwisha. Lakini alijipangusa uso, akainua kisanduku, akaanza kwenda zake kweli. Ole wangu! Nilisikia aibu mpaka kwenye mifupa.

Nikamkimbilia, nikamrudisha kwa mkono. Nikagonga kwa mama, nikawaita wote chumbani kwangu. Nikavuta ule waya chini ya kitanda, plagi imejaa utando wa buibui, nikawaambia redio hii haijasema hata neno moja tangu iingie humu, na si yangu, ni ya kanisa.

Waliutazama waya, wakanitazama mimi. Kisha mzee mmoja akauliza, "Na mpira?"

Nikasema mpira ulikuwa kweli. Akashusha pumzi.

Mama Zakayo alimvuta mwanawe kifuani, akampangusa vumbi kwa leso yake, akimwomba radhi huku analia. Nikadhani nimesahauliwa. Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Wewe, njoo hapa," akasema. "Mimi nimemwambia kila mtu kwamba mwanangu ana baiskeli. Sitaitwa mwongo uzeeni kwa sababu yako. Kailete."

Niliileta yangu. Haikuwa mpya, lakini kengele ilikuwa nayo.

Redio niliifikisha misheni kesho yake, kichwani, kwa miguu. Mwalimu alipoichomeka kwenye stima ilinguruma mpaka mbwa wakakimbia, na majirani zangu wote wakageuka kunitazama.

Zakayo amepata kazi ya kufagia ofisi mjini. Kila asubuhi nikijikokota barabara ya Ngong kwenda Woodley, ananipita, anapiga kengele, anainua kofia kwa adabu na kuniambia, "Mama anakusalimu!"

Mwenzangu, ukitumwa kitu cha watu, kifikishe siku hiyo hiyo, kikiwa bado kimefungwa kwenye baiskeli. Usikishushe njiani hata dakika moja, maana utabaki bila kitu na bila baiskeli.