Dawa ya Mahindi Kwenye Viazi

Kazi yangu ni ya ubishi. Niko kwenye kamati inayopanga ni kiasi gani cha dawa ya wadudu kiruhusiwe kubaki kwenye viazi mviringo vya ghalani, mlaji asidhurike. Nikikataa jambo nakataa kweli, ndiyo maana wenzangu wananiita mama kisirani. Waniite tu.

Wiki ile mwanangu wa miezi minane alikuwa Kisarawe kwa mama mkwe, maana dada wa kazi alituachia nyumba ghafla. Ijumaa nikatoka ofisini, nikapitiliza kumchukua turudi Mkuza. Nikamkuta jikoni kapakatwa, mashavu yamejaa viazi vya kuponda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, mume wangu ndiyo anakula."

Nikacheka. Halafu nikaona sufuria. Viazi vilichemshwa na maganda yake, na mama alikuwa akivilainisha kwa maji yale yale yaliyovichemshia, maana kwake kuyamwaga ni kumwaga nguvu ya chakula. Sisi kwenye kamati tunahesabu kwamba kiazi kimemenywa na maji yamemwagwa. Nikauliza, taratibu, gunia liko wapi.

Lilikuwa stoo, pembeni ya mahindi. Viazi vilikuwa na vumbi jeupe.

"Wadudu walianza kuvitoboa," mama akasema. "Nikavinyunyizia ile dawa ya mahindi. Si ya ghalani hiyo hiyo?"

Jamani! Dawa ile hata kwenye mahindi ina muda wake wa kusubiri kabla hujala. Kwenye viazi haitakiwi kabisa.

"Mama, ameanza kuvila lini?"

"Tangu ulipomleta. Mbona anacheza? Nimeviosha vizuri." Akaona nilivyobadilika. Ili anitoe wasiwasi, akachota kijiko akala mwenyewe.

"Mama, tema!"

Nilimpigia kelele mama mkwe wangu, jikoni kwake. Akatema kiganjani, akaanza kulia. Sikuwa na muda wa kumbembeleza, nilikuwa nimeshamnyakua mtoto.

Tulikwenda hospitali wote watatu. Daktari akawapima, akasema kwa sasa haoni kitu, turudi nyumbani tuwaangalie. Tuwaangalie nini? Mtoto akipiga chafya nasimama. Akilala sana namwamsha, akiamka akilia nalia naye. Mama anapiga simu kila asubuhi kuuliza mume wake kaamkaje, na mimi nakata simu haraka asisikie sauti yangu. Naogopa. Kujua kiasi gani kinadhuru ndiyo kazi yangu, na cha mwanangu sikijui.

Kwenye kikao kilichofuata tukafika kwenye hesabu ya viazi wanavyokula watoto wadogo. Mwenyekiti akasema walio chini ya mwaka mmoja tuwaandikie sifuri, hao hawali viazi. Wote wakaitikia, mmoja akaanza kufungua ukurasa mwingine.

"Wangu alimaliza bakuli," nikasema.