Binti Yangu Alipojifungia Stoo

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mama yangu alikuwa ameshahamia kwetu Mlabani. Mafuriko yalikuwa yamefika hadi uani kwake Michenga, nikaona bora akae nami mpaka maji yapungue. Mume wangu alikuwa Mlimba kwenye biashara ya mchele. Nyumbani tulibaki mimi, mama, na binti yangu wa darasa la pili.

Mama ana pumu. Hilo ndilo lililoninyima amani. Kila akikohoa, najitahidi uso wangu usionyeshe hofu.

Binti yangu alikuwa msemaji sana. Taratibu akaanza kunyamaza. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Asubuhi alimwamkia bibi yake akiwa mlangoni, "Shikamoo bibi," halafu anarudi nyuma haraka. Nilidhani anafuata tu maelekezo ya redioni, nikamsifu.

Mchana mmoja nilimwita aje kula. Kimya. Chumbani hayupo, chooni hayupo. Majirani nao hawakumwona. Nyuma ya nyumba mtaro ulikuwa umefurika, maji ya tope yanakwenda kasi. Nilisimama ukingoni nikiyatazama. Ndipo nikamsikia mama akiniita kutoka ndani.

"Njoo huku. Stoo imefungwa kwa ndani."

Stoo ni kile chumba kidogo tunachowekea magunia ya mpunga. Nikagonga.

"Mama, usiingie," binti yangu akasema. "Nimepiga chafya."

"Fungua, mwanangu."

"Nitamuua bibi."

Mama akavuta kigoda, akakaa hatua chache kutoka mlangoni.

"Mjukuu wangu, nani kakwambia utaniua?"

"Redio. Wamesema watoto wanabeba ugonjwa, wazee wanakufa."

"Ni kweli ugonjwa upo," mama akasema. "Hata mimi naogopa. Mama yako naye anaogopa. Lakini kunilinda ni kazi yetu sisi wakubwa, siyo yako. Wewe ukipiga chafya, ziba kwa kiwiko, umwambie mama yako. Basi."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akikiri kuogopa. Komeo likalia, binti akatoka, nywele zimejaa vumbi la mpunga. Nikamshika shingoni, hakuwa na joto. Lakini chafya ile ilikuwa ya vumbi au ya nini, ningejuaje?

Nikamhamishia chumbani kwangu, nikafungua madirisha yote. Redio nikawa naisikiliza peke yangu, halafu namweleza habari kwa maneno anayoyamudu, naye anauliza chochote. Kila jioni mama alikaa barazani, mjukuu akakaa mbali kidogo uani, wakapaziana sauti kwa Kindamba, lugha yetu ya nyumbani, bibi akimfundisha majina ya samaki wa mtoni. Siku moja binti alipocheka kwa kukosea jina, niliingia jikoni nikalia.

Hakuna aliyeugua. Maji yakashuka, mama akarudi Michenga, vidole vya binti vikapona. Mimi ndiye sijapona vizuri. Nyumba ikinyamaza ghafla, mpaka leo naacha ninachokifanya nikaenda kumtafuta.